Gesti ya Majengo isiyo na jiko

Nyumba ya wageni ninayoizungumzia iko Majengo, Dodoma, jirani na soko, na jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kulijua kabla ya kulipia chumba ni kwamba haina mgahawa wala jiko. Wapo watakaoiona hiyo ni kasoro. Kwangu ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu ya utaratibu ambao mwenye nyumba amekubaliana na mama lishe wa ng'ambo ya barabara.

Asubuhi mhudumu wa mapokezi hupita mlango kwa mlango na daftari, akiandika nani atakula nini na saa ngapi. Oda hupelekwa bandani, na ikifika saa saba chakula huletwa kwenye hotipoti kikiwa bado kinafuka mvuke. Mgeni humlipa mama lishe mwenyewe kwa simu, na gesti haikati chochote. Niliagiza ugali wa uwele kwa mlenda mkavu, ule ambao Wagogo huanika majani yake na kuyatwanga ili yadumu hadi kiangazi, nao ulikuwa umeungwa kwa karanga, mzito kiasi cha kung'ang'ania tonge bila kuchuruzika. Hoteli kubwa za mjini hapa ninazozifahamu hazipiki chakula hicho. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na zaidi baada ya treni ya umeme kuanza safari mwaka 2024, wageni wameongezeka, lakini hoteli hizo huwazungushia ndani bafe ileile ambayo wangeikuta Dar es Salaam, na fedha yao ya chakula haivuki geti.

Vyumba ni safi, neti ni nzima, maji hayakukatika.

Kasoro iko kwenye chai ya asubuhi, ambayo imejumuishwa katika bei ya chumba na ndiyo pekee ambayo gesti imeamua kuiandaa yenyewe: mkate mkavu, siagi ya kopo na chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa tangu alfajiri, wakati bandani pale pale panachomwa chapati na kuchemshwa supu. Sikuona sababu ya kutompa mama lishe kazi hiyo pia. Hata zabibu hazikuwepo mezani, ilhali ulikuwa msimu wake na wachuuzi walikuwa wamejipanga nje. (Niliponunua zangu na kuomba sahani, nililetewa kwa ukarimu.) Vilevile, anayeshuka treni ya usiku atakuta banda limefungwa, na mapokezi hawana zaidi ya biskuti na soda.

Anayekusudia kuja kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti likiendelea, aweke nafasi mapema, na chakula cha mchana akiagize kabla ya saa nne, maana mlenda ndio unaotangulia kwisha.