Mfuko wa pamoja au shirika moja?

Mfanyakazi wa chuo kikuu cha Marekani anayekubali kukatwa mshahara kwa ajili ya misaada mara nyingi huwa na njia mbili. Anaweza kuchangia mfuko wa pamoja, kama United Way, ulioanzia Denver mwaka 1887: kamati ndiyo inayogawa, huku kwenye chakula cha wahitaji, kule kwenye malazi ya wasio na makao. Au anataja kwenye fomu shirika alilolichagua mwenyewe. Mimi naegemea hili la pili, maana hesabu za shirika moja unaweza kuzipekua mstari kwa mstari. Ila lazima liwe limesajiliwa, na asiye na muda wa kupekua, mfuko unamfaa zaidi. Makato ni yaleyale.