Nilipeleka kanda zangu za hip hop zihamishwe, nikarudishiwa kelele za dijei

Jina la duka silitaji. Lipo hapa Dar, lina bango kubwa la kuhamisha kanda na mikanda ya video kwenda kwenye flashi, na bei yake si ya kitoto. Nawaandikia nyinyi ambao bado mna kanda za rap kabatini na mnataka kuziokoa kabla ukungu haujazimaliza. Someni hapa kwanza.

Nilipeleka nne. Funga Kazi ya Hard Blasters ya mwaka 2000. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001. Darubini Kali ya Afande Sele, 2004. Na Nimefika ya E-Sir, ambayo kaka yangu aliinunua Nairobi akaniletea, mwaka uleule wa 2003 kijana yule alipofariki kwa ajali ya gari. Kanda halali zote, na makava yake, zimekaa kwenye boksi la viatu miaka yote hiyo wala sijawahi kumwazima mtu.

Nikazungushwa wee, njoo kesho, umeme umekatika, fundi kasafiri, mwisho nikapewa flashi. Nikaichomeka kwenye sabufa, nikaenda moja kwa moja kwenye "Ndio Mzee" ya Professor Jay, iliyomo kwenye Machozi, Jasho na Damu.

Mnaujua wimbo huu. Mgombea yuko jukwaani anamwaga ahadi: wanafunzi watakwenda mwezini kusoma sayansi kwa vitendo, mabomba yatatoa maziwa, na kila akiwauliza watu wanaitikia kwa pamoja, ndio mzee! Wimbo umesimama juu ya itikio hilo. P-Funk, prodyuza wake, kaacha nafasi ndani ya biti, umati unajibu bila kufikiri, na wewe uliyekaa sebuleni unajikuta umeitikia nao, ndipo unashtuka kwamba na wewe umeshadanganywa. Baba yangu, ambaye rap yote aliiita fujo za wahuni, ni wimbo huu aliouomba nirudishe nyuma ausikie tena. Sijui kama kuna kibao kingine cha Bongo kilichowaingia wazee namna ile.

Sasa palepale, kwenye nafasi ile ya itikio, likaingia jitu linapiga mayowe ya jina lake! Dijei. Anajitangaza, anatangaza na disko lake, juu ya sauti ya Professor Jay. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikarudisha. Yumo. Anarudi tena kwenye beti la mwisho, na kicheko juu.

Kanda yangu haina dijei. Nimeisikiliza tangu nikiwa shule, najua kila mkwaruzo wake. Nikaitoa kwenye boksi nikaichungulia: utepe uko palepale nilipouachia, katikati ya upande B. Hawajaicheza. Hawajaigusa kabisa! Wamesoma majina ya nyimbo kwenye kava, wakapakua wanachokiona mtandaoni, wakanitoza hela ya kazi. Ni sawa na kumpelekea fundi kanzu ya babu yako aitie kiraka, akakurudishia mtumba wa sokoni.

Kwa wasioijua kazi hii: kanda huhamishwa kwa kuchezwa. Kanda ya dakika 60 inakula dakika 60, ukitaka sauti nzuri hakuna njia ya mkato. Unasafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, unaunganisha deki na kompyuta kwa waya, unarekodi upande A, unageuza, unarekodi upande B. Kwa hiyo ninaelewa kwa nini ni ghali. Unalipia muda wa mtu kukaa na kanda yako, na muda huo ndio walioniibia.

Nikarudi dukani na flashi mkononi. Kijana wa kompyuta hakutoa hata spika za masikioni. Nikamwonyesha utepe, nikamsikilizisha dijei. Akaniambia, "Braza, si wimbo uleule? Tena huu hauna mikwaruzo."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikuletea kanda, sikukuletea majina ya nyimbo."

Akacheka. "Nyimbo za kizamani hizi nani anasikiliza? Ungezipakua mwenyewe, bure kabisa."

Bure! Huyu aliyechukua hela yangu ndiye ananiambia bure. Na za kizamani! Professor Jay aliyemchana mgombea wa ahadi hewa mwaka 2001 akaja kuchaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Wimbo uleule ukapata maana ya pili, wala haukubadilishwa hata neno. Huo ndio uzamani wenyewe? Nilitetemeka mikono. Mwenye duka alikuwepo, anasikia kila kitu, akajifanya anahesabu risiti.

Kwa miaka nimekuwa nikibishana na wenzangu kwamba "Ndio Mzee" imependwa kupita kiasi, na kwamba kilele cha albamu ile ni "Bongo Dar es Salaam". Bado naupenda wimbo huo kwa jinsi mji ulivyochorwa, ujanja wake na matapeli wake, hadi mtu wa mkoani aliyekuwa hajawahi kufika anaingia stendi akiwa ameshaonywa. Lakini tangu nilikose lile itikio naona nilikuwa nabishana bure. "Ndio Mzee" ndiyo namba moja. Kitu kinachoharibika chote kwa kuzibwa sekunde tatu tu, ujue kila sekunde yake ilikuwa inafanya kazi.

Na mpangilio? Flashi imezipanga kwa alfabeti. Albamu ya enzi ile ilipangwa na mtu aliyekaa akafikiri wimbo upi ufunge upande A ili uinuke kugeuza kanda. Nyimbo nyingine za upande B hazimo kabisa, nadhani hawakuzipata, wakanyamaza.

Darubini Kali nayo wameipakua. Afande Sele ni mtu wa vina, Morogoro nzima inajua, na mwaka ule wa 2004 ndio alivishwa taji la Mfalme wa Rhymes. Kwa msanii wa namna hiyo silabi ya mwisho ya mstari ndiyo mali yenyewe. Waliloniwekea mimi ni faili lililobanwa hadi kila "s" inapuliza kama pasi ya mvuke, na wimbo uliobeba jina la albamu umekatwa kabla haujaisha. Sina zaidi ya kusema hapo, nitatukana.

Nimefika nakiri iko safi. Imepakuliwa pia, lakini hakuna dijei na besi imejaa kuliko kwenye kanda yangu iliyochoka. "Boomba Train" aliyomshirikisha Nameless ilipoanza, watoto wangu walitoka chumbani wenyewe wakacheza. E-Sir alichana Kiswahili kinachoteleza, hakimezi neno hata akienda kasi, na msikilizaji wa Tanga anamwelewa kama wa South C kule Nairobi. Nilishindwa kuikasirikia. Kidogo nianze kuona labda nimewaonea hawa watu.

Halafu nikafungua Funga Kazi.

Funga Kazi hawakuipata mtandaoni, nina hakika, kwa sababu hiyo waliicheza. Kanda imerudi utepe ukiwa umezungushwa hadi mwanzo. Unaufungua upande A unasikia kwanza ule mvumo wa utepe, shhh, kisha biti inaingia, na sauti tatu, Fanani, Big Willy na Nigga Jay, kabla hajaitwa Professor. "Chemsha Bongo" imetulia, besi inagonga kifuani, maneno yanasikika hadi pumzi anayovuta kabla ya mstari. Kichwa cha deki kilisafishwa, hiyo naijua kwa masikio. Hata ule mlio wa kitufe mwisho wa upande wameuacha. Nilikaa kimya albamu nzima, mke wangu akaniuliza kama kuna msiba. Kwa kanda hii peke yake ningewapa nyota tano, ningewapa na chai.

Hapo ndipo hasira iliporudi maradufu. Kumbe wanajua! Deki wanayo, spiriti wanayo, kuna mtu mle ndani mwenye masikio na mkono mzuri, na wakaamua kwamba Professor Jay na Afande Sele hawastahili saa moja ya mtu huyo. Wangekuwa hawajui kazi ningewasamehe.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilianza kuandika moja. Nikasikiliza "Chemsha Bongo" tena nikaandika tatu. Nimemkumbuka yule kijana na kicheko chake, nimefuta. Kama kanda yako ni adimu kiasi kwamba haipo popote mtandaoni, wapelekee, watafanya kazi nzuri kwa sababu hawana pa kukwepea. Kama ni maarufu, usiwape, au kaa hapohapo kwenye benchi uione ikizunguka pande zote mbili.

Hela sijarudishiwa. Wamesema nirudi wiki ijayo fundi akiwepo. Fundi huyo ndiye ninayemtaka, na kama anasoma hapa anitafute pembeni, nje ya duka: kanda ya Machozi, Jasho na Damu iko mezani kwangu, nitamlipa bei yake, na Darubini Kali nitamletea siku hiyohiyo.