Mpira wa matone kwenye maji ya kisima: miezi saba Kisauni

Mpira huu wa kumwagilia shamba tone kwa tone niliununua Januari, kaskazi ikivuma na mgongo ukiniuma kwa kubeba jerikani. Shamba langu ni kipande tu nyuma ya nyumba, matuta manne ya mita 10 kila moja: biringanya, pilipili, nyanya na mchicha. Mbolea yangu ni samadi ya mbuzi, na dawa za dukani sitii. Maji ya mfereji huku Kisauni huja yanapopenda yenyewe, kwa hivyo nategemea kisima, na pampu ikigoma namwita kijana wa mkokoteni.

Seti ilikuja na mipira minne yenye tundu kila sentimita 30, koki, chujio na viungio. Pipa la lita 200 nilitafuta mwenyewe, nikalipandisha juu ya matofali mita moja kutoka chini. Mimi na mpwa wangu tulimaliza kuunga kabla ya adhuhuri.

Karatasi yake inasema kila tundu hutoa lita 1.6 kwa saa. Nikaweka kikombe chini ya tundu moja nikapima: nusu lita, basi. Nikajiona nimepigwa. Kumbe hesabu ile ni ya presha ya ba 1, yaani maji yaliyoinuliwa kama mita 10, na pipa langu liko mita moja. Muuzaji angenieleza tu. Hata hivyo nusu lita inatosha. Nafungulia jioni kwa muda wa saa mbili, na zile jerikani 12 nilizokuwa nikimwaga zimekuwa kama 7. Magugu katikati ya matuta nayo yamepungua, maana hapafiki maji.

Tatizo hasa ni chokaa. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na ule ukoko mweupe ulio ndani ya birika lako la chai ndio unaoziba tundu hizi. Mwezi wa tatu biringanya za mwisho wa tuta zilianza kusinyaa huku za mwanzo zikinawiri. Nilitia siki kwenye mipira, ikalala humo usiku kucha, asubuhi nikafungua ncha na kusafisha kwa maji mengi. Zikafunguka, isipokuwa chache. Sasa nafanya hivyo kila mwezi, na chujio naliosha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini.

Kosa jingine ni langu peke yangu. Niliroweka samadi, nikachuja kwa kitambaa na kuimimina ndani ya pipa, nikijiona mjanja. Siku ya tatu nusu ya tundu zilikuwa kimya. Samadi ya maji sasa naitia kwa kata, shina baada ya shina.

Halafu kuna chumvi. Maji yakiwa na chumvi kidogo, utaona duara jeupe pembeni mwa sehemu iliyolowa. Chumvi imesukumwa huko. Manyunyu ya kwanza ya masika yalipoanguka nikafunga koki kwa furaha, na pilipili zikaungua ncha za majani. Mvua ndogo hurudisha ile chumvi kwenye mizizi. Acha matone yaendelee mpaka mvua ya kweli inyeshe.

Kwa mchicha usijisumbue. Sisi hapa tunamwaga mbegu tuta zima, na matone ya kila sentimita 30 yanaacha mabaka makavu. Tuta lile nimerudia kumwagilia kwa keni. Kwa biringanya, pilipili na nyanya, ningenunua tena kesho.

Ah, na kunguru. Walijua kabla yangu kwamba mpira una maji, wakautoboa mara nne. Nimeufunika kwa makumbi ya nazi, ambayo pia yanazuia jua kunyonya unyevu, na wao nimewawekea beseni chini ya mwembe. Mmoja bado huja kufukua makumbi.