Bekapu ilikuwepo, nywila ndiyo iliyonitoka: uzoefu wangu na pochi ya kidijitali

Simu ilichomolewa dirishani nikiwa kwenye daladala, foleni ya Ubungo. Ndani yake kulikuwa na pochi yenye USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) ninazolipwa na wateja wa nje kwa kazi za usanifu. Sikuhangaika sana, maana bekapu ilikuwa Google Drive, tena imesimbwa, yaani imefungwa kwa nywila.

Shida ilianza kabla hata sijaifikia pochi. Akaunti ilitaka namba ya uthibitisho, na namba inakuja kwa meseji kwenye laini ambayo sasa anayo mwizi. Kesho yake nikaenda kurudishiwa laini, alama za vidole, foleni nyingine. Faili nikaliona. Nikaweka nywila: kosa. Nikabadili herufi kubwa, nikaongeza mwaka: kosa. Pa kubonyeza "nimesahau" hakuna, kwa sababu nywila hiyo wenye programu hawana. Ndivyo inavyotakiwa, kwani anayeweza kukufungulia wewe anaweza kumfungulia na mwingine. Lakini usiku ule hoja hiyo haikunipa usingizi.

Iliyoniokoa ni karatasi ya maneno 12 ya kurejeshea pochi hata bila bekapu wala nywila, niliyoiweka kwa dada yangu Mbagala kwenye bahasha ya vyeti. Masika yalikuwa yamevujisha paa, wino ukatapakaa, neno la saba likabaki na herufi nne za mwanzo tu. Zilitosha! Maneno hayo hutoka kwenye orodha ya Kiingereza ya BIP39, kanuni inayotumiwa na pochi nyingi; ina maneno 2048, na hakuna mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. (Kuna orodha ya Kijapani, hata ya Kicheki, ya Kiswahili bado. Dada alidhani ni msamiati wa shule.)

Pesa nilizikuta zote. Nikazihamishia papo hapo kwenye pochi mpya yenye maneno mapya, maana ile ya zamani bado ilikuwa ndani ya simu iliyoibwa, na PIN yangu ilikuwa mwaka wa kuzaliwa. Msinicheke.

Naipa programu nyota tatu. Usimbaji wake sina ugomvi nao. Ila siku ya kuanza inakuruhusu kuruka kuandika maneno kwa kubonyeza "baadaye", na tangu hapo haikukumbusha hata mara moja kuijaribu nywila yako.

Sasa naandika kwa penseli, nakala mbili, moja kwenye mfuko wa nailoni. Juzi nimeifuta programu kwenye simu ya akiba na kuirejesha kwa karatasi mpya, dada akinisomea maneno kwa matamshi yake mwenyewe. Mawili ilibidi anitajie herufi kwa herufi.