Kayaki ya kuvulia ya mtumba, miaka miwili baadaye: baharini inadunda, nyumbani ndo niliiua

Wadau wa mshipi habari zenu, kila nikiweka picha ya kolekole lazima mtu aulize hiyo kayaki (kale kamtumbwi kembamba ka kupiga kafi) vipi, inadumu, inalipa, leo naandika yote mara moja. Ni ya futi 12, ile ya kukalia juu siyo ya kuingiza miguu ndani, kiti cha kukunja, matundu mawili ya kuchomeka rodi (fimbo za kuvulia) nyuma na stoo yenye mfuniko mbele. Uzito kama kilo 32 ikiwa tupu. Nilinunua mtumba kwa jamaa alokuwa anahama Masaki, milioni moja na laki sita baada ya kubishana wiki nzima.

Majini sina baya la kuisema. Imetulia, mwenyewe nina mwili na bado nageuka nyuma kuchukua chambo bila moyo kuruka. Novemba upepo wa kusi ukishapoa natoka Kunduchi alfajiri navua vimiamba vya upande wa kisiwa cha Mbudya, changu, tasi, siku ya bahati kolekole, saa nne nisharudi kabla upepo haujaamka. Juni Julai kusi ikichachamaa siitoi ng'o, na laifujaketi navaa hata bahari ikiwa kama sahani. Hiyo tuiache hapo.

Matatizo yote niliyopata yalianzia nyumbani. Yaani bahari haijaikwaruza hii kitu kama nilivyoiharibu mimi na uwanja wangu.

Kwanza muelewe imetengenezwa na nini. Hii plastiki ni polithilini, ndugu yake simtanki la maji kabisa, hata namna ya kuitengeneza ni ileile, unga wa plastiki unawekwa kwenye kalibu linazungushwa kwenye moto. Sasa mi nikajidanganya, kama simtanki linakaa juu ya paa miaka kumi basi hii nayo itakaa. Nikasahau simtanki limesimama kwenye kitako chake halijaning'inizwa. Mi niliitundika ukutani kwa vile vishikio vyake vya mbele na nyuma, upande wa magharibi, jua la saa nane mpaka jioni. Miezi mitatu tu ikaanza kulegea katikati kama ndizi, na ule wekundu wake ukawa rangi ya juisi ya tikiti. Plastiki hii ikipata joto inalainika, na kitu kilicholainika kikining'inia ncha mbili kinafata uzito wake, halafu jua lenyewe linaikausha mpaka inakuwa ya kukatika.

Sasa hivi inalala kiubavu juu ya mikanda miwili mipana (nilitumia mikanda ya siti ya gari mbovu, bure kwa fundi), kila mkanda uko kama robo ya urefu kutoka kwenye ncha, kwenye kichochoro ambako jua halifiki. Kabla ya hapo nilijaribu chini ya mwembe, kivuli safi, ila msimu wa maembe nikakuta kila asubuhi imepigwa mabomu ya maembe, na popo wameifanya choo. Chini ya bati bila dari pia usijaribu, mchana pale ni oveni. Na turubai usilibane kama unafunga mzigo wa Kariakoo, liinue na vijiti hewa ipite, mi la bluu nililizungushia lote nikafungua baada ya wiki mbili nikakuta ukungu na harufu ya soksi.

Kifuniko kidogo cha kutolea maji kiache wazi ikiwa imekaa. Hewa ya ndani inapanuka na joto, ukifunga inatafuta pa kutokea, halafu ukiitupa kwenye maji ya baridi hewa inajikunja na kunyonya maji kupitia mpira wa mfuniko, we unabaki unashangaa imetoboka wapi. Ila ukikiacha wazi hivihivi mjusi anahamia, mende wanahamia, kwangu nyigu walishajenga kabisa, nikawapeleka baharini bila kujua, sitasimulia. Funga kipande cha chandarua na raba. Na hakikisha hamna maji yaliyobaki ndani, mbu wa dengue anazaliana kwenye maji kidogo tu, na Dar ya 2014 na 2019 tunaikumbuka.

Kuosha. Watu wanasema osha na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, sawa, maji yapi? Huku Kunduchi na Mbezi visima vingi vina chumvi, mi mwaka mzima nilikuwa naosha chumvi ya bahari kwa chumvi ya kisima. Rili, ile ya kukunjia mshipi, ikaanza kusaga kama mashine ya unga. Siku hizi naweka ndoo mbili za maji ya bomba au ya mvua, moja ya rili na skrubu na kafi, moja ya mwili, sabuni ya vyombo inatosha kutoa damu ya samaki. Kafi kama ni la kuunganisha katikati na fito ni ya alumini, litenganishe KILA ukirudi. Langu niliacha limeungwa miezi mitatu, tulivuta mimi na dogo kila mtu upande wake mpaka tukaanguka wote kwenye maua ya mama watoto.

Skrubu ndo zimeniudhi kuliko vyote. Zilizokuja na kayaki zilikuwa nzuri, nilizoongeza mwenyewe kwenye kishikio cha rodi ndo balaa, muuzaji mmoja wa vifaa aliniapia ni stenlesi, wiki ya tatu machozi ya kutu yanashuka kwenye plastiki. Nenda na kasumaku mfukoni, stenlesi ya kweli ya namba 304 au 316 sumaku haiing'ang'anii, na ya bahari hasa ni 316. Siyo kipimo cha maabara ila feki nyingi zinaumbuka hapohapo. Kwenye mpira wa mfuniko usipake grisi ya gari, inaulegeza, tafuta silikoni.

Kuna siku maji yamekupwa, bamvua, mnajua pale bahari inavyokimbia, kutoka mchanga mkavu mpaka maji ni safari. Nilikuwa peke yangu nikaiburuta. Kitako cha nyuma kikalika, kikawa chembamba, mwezi mmoja mbele kikapasuka ufa wa urefu wa kidole. Mzee mmoja wa ngalawa alikuwa anaziba chombo chake pembeni akaniangalia weee, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema, "Mjukuu wangu, chombo hakiburutwi, chombo kinabebwa au kinaviringishwa, wewe unakichuna kama mhogo."

Gundi nyingi haziikamati plastiki hii, epoksi ilibanduka kama gamba la jua. Kilichoniokoa ni fundi wa bampa za magari. Nilikuwa nimetunza vile vipande vya mviringo vilivyotoka nilipotoboa matundu ya rodi, akavikata vijiti vyembamba, akayeyusha na kuvishindilia kwenye ufa kwa pasi yake ya moto. Plastiki ileile kwa plastiki ileile. Mwaka umepita haijavuja tone. Kwa hiyo ukitoboa chochote, kile kipande usitupe.

Baada ya hapo nikachongesha kitoroli, chuma na matairi ya toroli la ujenzi, pa kulalia nimefunga sponji la godoro. Vile vitoroli vyenye nguzo mbili za kuingia kwenye yale matundu ya kutolea maji yaliyotoboka mpaka chini sivipendi, uzito wote unakaa kwenye kuta za matundu na ndo panapopasuka kwanza, halafu panapasukia chini ambako huoni.

Kwenye gari, ifunge ikiwa imepinduliwa, mkanda wa kuvuta kwa mkono tu. Ile ya ratcheti, ya kukaza kwa mpini, ukibana kwa hasira halafu ukapaki juani, unapata kibonyeo. Yangu ilikuja nacho kutoka kwa jamaa wa Masaki, nilimwagia maji ya moto nikasukuma kwa ndani kupitia mfuniko, kikarudi karibu chote. Mkanda upige msokoto mmoja, la sivyo Barabara ya Bagamoyo yote unasikiliza filimbi ya upepo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kiti, kitambaa kimeoza kwenye mishono yote na mgongo unauma kuanzia saa mbili, wiki hii nakipeleka kwa mshona maturubai nione kama atakiweza.