Taa ya Mapambazuko: Inaamsha Vizuri, Hailazi Mapema

Taa ya mapambazuko huuzwa kwa ahadi mbili zinazoandikwa pamoja juu ya boksi lake: kwamba mtumiaji ataamka bila kushtuliwa, na kwamba kidogo kidogo atazoea kulala mapema. Nimeitumia taa ya aina hii kwa muda wa kutosha kuiona ikifanya kazi nikiwa nimelala vizuri na nikiwa sikulala vizuri. Nimeridhika na ahadi ya kwanza. Ya pili naiona imetiwa chumvi, na kwa kuwa wanunuzi wengi hufuata hiyo ya pili, ndiyo nitakayoizungumzia kwa kirefu zaidi.

Chenyewe ni kifaa kidogo cha kuweka kando ya kitanda, chenye uso wa mviringo unaotoa mwanga, tarakimu za saa chini ya uso huo, na kitufe kipana upande wa juu. Nusu saa kabla ya wakati uliopangwa, uso huo huanza kutoa wekundu hafifu kama kaa linalokaribia kuzimika, kisha rangi hupanda taratibu kuelekea manjano, na mwishowe chumba chote hujaa mwanga mweupe. Ikiwa aliyelala bado hajafumbua macho, spika hutoa sauti za ndege, mwanzoni kwa chini sana. Katika wekundu ule wa mwanzo karibu hakuna anayeamka. Mara nyingi mimi huamka rangi ikiwa imefika manjano, kabla ya ndege kulia, na tofauti kubwa ninayoiona ni katika yale mawenge ya dakika za kwanza, pale mtu anapokuwa ameketi kitandani lakini akili bado haijafika. Mawenge hayo ni jambo la kawaida la mwili, na kwa watu wengi huisha ndani ya robo saa hadi nusu saa, ila huwa mabaya zaidi kengele inapomkatiza mtu katikati ya usingizi mzito. Mwanga unaopanda polepole humtoa mtu kwenye usingizi huo na kumweka katika mang'amung'amu kabla ya wakati wa kuinuka, kwa hiyo anapoamka hana umbali mrefu wa kusafiri.

Kasoro za kiufundi ni ndogo, lakini zinaudhi. Kitufe cha juu, ambacho ni rahisi kukipapasa hata gizani, ndicho kinachoahirisha kengele kwa dakika 9, maana yake ni kwamba mkono wenye usingizi hukipata kwanza na kukata kazi iliyokuwa ikifanywa na mwanga kwa nusu saa nzima. Tarakimu za saa hupunguzwa mwanga lakini hazizimiki, na mtu ambaye hajapata lepe la usingizi hana haja ya kuonyeshwa usiku kucha ni saa ngapi. Umbali nao ni muhimu kuliko mwongozo wa matumizi unavyoeleza: ukiisogeza taa mara mbili ya umbali wa awali, mwanga unaokufikia usoni hubaki takriban robo, na anayelala akiipa mgongo hupata pungufu ya hapo. Wenye kulala wawili wakiamka saa tofauti wasiinunue kabla ya kukubaliana, kwa sababu mwanga haujui unamwamsha nani.

Sasa niingie kwenye ahadi ya kulala mapema. Katika ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kundi dogo la chembehai za neva linaloongoza saa ya mwili, na kwa wastani saa hiyo ya binadamu huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kwa dakika kama 10 hivi. Ndiyo maana watu wengi wakiachwa bila ratiba huteleza kuelekea kuchelewa kulala. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga unaoingia machoni, nao hufanya kazi kwa pande mbili. Mwanga wa jioni na wa sehemu ya kwanza ya usiku huisukuma saa nyuma, mtu akachelewa zaidi kusinzia; mwanga unaokuja baada ya joto la mwili kufika kiwango chake cha chini kabisa, yaani takriban saa mbili kabla ya muda aliozoea kuamka, huivuta mbele. Kwa hiyo waliotengeneza taa hii hawakukosea kufikiri kwamba mwanga wa asubuhi unaweza kumfanya mtu alale mapema. Tatizo ni kiasi chake.

Taa ya aina hii, iwekwe mahali pazuri kando ya mto, hutoa luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 200 au 300 hivi mwishoni kabisa mwa nusu saa yake, na sehemu kubwa ya muda huo macho yamefumbwa, huku kope zikipitisha zaidi mwanga mwekundu na kuzuia ule wa buluu ambao saa ya mwili inausikia kuliko mwingine wote. Taa za tiba zinazotumiwa na madaktari hufika luksi 10,000, mtu akiwa macho mbele yake kwa dakika 30. Nje ya nyumba, hata wingu likiwa limetanda, mwanga wa mchana huhesabiwa kwa maelfu ya luksi. Mtu anayetaka kusogeza usingizi wake atapata zaidi kwa kutoka nje mara tu baada ya kuamka kuliko kwa kubaki kitandani akitazamana na taa hii. Mchango halisi wa taa ni kumtoa kitandani kwa saa ileile kila siku ili aweze kutoka nje.

Lipo jambo jingine ambalo mwongozo unalikosea waziwazi. Unashauri kwamba mtu achague saa anayotamani kuamka na aiweke tangu usiku wa kwanza. Tumchukue mtu anayelala saa 9 usiku na kuamka saa 5 asubuhi. Joto la mwili wake hufika chini kabisa karibu na saa 3 asubuhi. Akijiamsha saa 11 alfajiri na kuketi kwenye mwanga mkali, kwa mwili wake huo bado ni mwanga wa usiku, na saa yake itasukumwa nyuma badala ya kuvutwa mbele. Njia salama ni kuanzia saa anayoamka sasa na kuiwahisha kwa robo saa au nusu saa, akae hapo siku chache hadi mwili ukubali, ndipo aendelee. Vivyo hivyo na usiku: saa mbili au tatu kabla ya muda wa kulala uliozoeleka ndiyo kipindi ambacho mwili huwa macho kuliko vingine, hivyo anayejilaza mapema kwa nguvu huishia kugaagaa. Kama usingizi hauji kwa dakika 20 hivi, ni heri ainuke akae mahali penye mwanga hafifu hadi macho yaanze kuwa mazito.

Programu ya machweo, ambayo hupunguza mwanga kwa nusu saa jioni, naiheshimu zaidi kuliko nilivyotarajia. Homoni ya melatonini, inayoutayarisha mwili kwa usingizi, huanza kupanda takriban saa mbili kabla ya muda wa kawaida wa kulala, na mwanga mkali wa chumbani huizuia. Ukizima taa zote nyingine na kuacha hii tu, chumba kinakuwa na giza linalofaa. Ukiiwasha huku umeshika simu mbele ya uso, hakuna ulichofanya. Wala haiwezi lolote dhidi ya kahawa ya alasiri, maana baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini, na kwa baadhi ya watu huchukua muda mrefu zaidi kupungua hivyo.

Mpangilio wa siku za mapumziko, unaoruhusu kuweka saa tofauti ya kuamka, umetangazwa kama ukarimu kwa mtumiaji. Ningeuondoa. Saa mbili tatu za ziada kitandani siku ambazo hakuna kazi zinatosha kurudisha nyuma sehemu kubwa ya kilichopatikana wiki nzima.

Kifaa hiki kinamfaa hasa anayelazimika kuamka kabla ya jua kuchomoza na ambaye kengele humwacha na moyo unaodunda. Ambaye chumba chake hupata jua asubuhi afungue pazia tu. Anayelala saa za kutosha, akakoroma sana na bado akaamka amechoka, amwone daktari, kwani hilo halihusiani na namna ya kuamshwa. Na anayetaka kujaribu kwanza bila gharama kubwa anaweza kutumia balbu inayopandisha mwanga polepole kwa kupangiwa muda kwenye simu. Itamnyima sauti za ndege, lakini ikiwa imeelekezwa usoni kazi yake haipishani sana. Akiamua kununua taa kamili, achague yenye tarakimu zinazozimika kabisa, betri ya kutunza saa umeme unapokatika, na kitufe cha kuahirisha kinachoweza kufungwa.