Gari kuukuu la kupita MOT: ninavyoyapanga ya chini ya pauni 4,000

Ukifika Uingereza ukapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, swali la kwanza ni leseni, la pili ni gari. Basi usiku unapekua matangazo, na kila gari la pauni elfu tatu limeandikwa "MOT ya miezi 12". Usivimbe kichwa. MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari, inasema kwamba siku ile, saa ile, taa ziliwaka na breki zilishika. Hali ya injini, klachi na giaboksi haimo kwenye orodha ya mkaguzi.

Gari huanza kukaguliwa likifikisha miaka 3 (Ireland ya Kaskazini 4), kisha kila mwaka. Takriban magari 3 kati ya 10 huanguka mara ya kwanza, na sababu zenyewe wala si kubwa: taa, springi na bushi, breki, tairi, kioo au wiper. Balbu ya pauni mbili inaangusha gari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni gari gani, uliza namba yake. Mdogo wangu alipokuwa anatafuta, tulikaa jikoni na magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja, bei zikipishana pauni 200. Tukaingiza namba zao kwenye tovuti ya serikali, ambako historia ya MOT ya gari lolote husomwa bure. La kwanza, lililong'aa zaidi na la bei nafuu: 2021, onyo kwamba tairi za mbele zinakaribia kikomo na bomba la breki la nyuma lina kutu kidogo. 2022, onyo lile lile, neno kwa neno. 2023 likaanguka, tairi nyuzi nje, bomba limelika. La pili nalo liliwahi kuanguka, springi ya mbele kulia imevunjika, lakini kesho yake likarudi likapita, na mwaka uliofuata karatasi safi. Mwenye la kwanza alikuwa akingoja gari limkatalie. Tulinunua la pili. Angalia na maili pia, kwa sababu kila ukaguzi huziandika. Ukikuta zimepungua kutoka mwaka hadi mwaka, funga ukurasa ulale.

Halafu kutu. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula bati. Huku huimwaga wenyewe barabarani kipupwe kizima ili barafu isigande. Kutu iliyotoboa bodi ndani ya sentimita 30 kutoka pale mkanda wa usalama au springi inapofungwa, gari limeanguka, na kuchomelea si kazi ya bei rahisi. Gari la miaka 14 lililoishi karibu na bahari ya Scotland na jingine la miaka 14 lililolala gerejini Surrey, mbali na bahari, si rika.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Yaris ya petroli, gia za mkono, ya 2009 mpaka 2014. Hii ni Vitz yetu, ila hapa usukani ule ule na jina jingine. Ni nyepesi, kwa hiyo hailemei springi wala breki. Injini zake zinatumia cheni badala ya mkanda wa kuzungusha vali, ule unaopaswa kubadilishwa kila baada ya muda. Na spea zake zimejaa kila mahali. Ikikuangusha itakuwa ekzosi iliyooza, bushi au tairi, vitu ambavyo fundi yeyote anavimaliza asubuhi moja. Iepuke yenye giaboksi ya MultiMode. Inaitwa otomatiki, lakini ni klachi ile ile ya kawaida inayobonyezwa na mashine, na mashine ikichoka bili yake haifanani na bei ya gari.

Ya pili ni Honda Jazz ya 2008 mpaka 2015, Fit kwa jina la kule nyumbani. Kwa ukaguzi peke yake ningeiweka ya kwanza. Mara nyingi unaikuta mikononi mwa bibi wa Kiingereza: kanisani, sokoni, nyumbani, na sevisi kila mwaka kwa fundi yule yule. Viti vya nyuma vinakunjwa kwenda juu, kiti cha magurudumu kinaingia bila kugombana. Walioishusha ni wezi. Wanaipenda katalisti yake, kile kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi, wanaikata chini ya gari kwa dakika mbili, na bila katalisti MOT hupati. Kama unalaza gari barabarani usiku, baki na Yaris. Ukitaka otomatiki, chukua yenye giaboksi ya CVT, isiyo na hatua za gia, iliyoanza kuuzwa 2011, siyo ya i-SHIFT iliyoitangulia, ambayo ni klachi ya mashine kama ile ya MultiMode.

Ya tatu ni mapacha watatu: Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1 za kabla ya 2014. Zote zimetoka kiwanda kimoja, Kolín kule Jamhuri ya Cheki, na injini ya petroli ni ile ile ya silinda tatu ya Toyota. Kwa nini basi ulipie beji? Nunua 107. Funua zulia la buti upapase: maji hupenda kupenya nyuma. Klachi pia huwahi kuisha.

Mazda2, Demio yetu, ni ya nne. Gari zuri, lakini lazima ulale chini na tochi uangalie kutu.

Ya tano ni Ford Fiesta, na hapa soma polepole. Yenye injini ya 1.25 haina makuu: badilisha mkanda kwa wakati wake, itakwenda. Yenye 1.0 EcoBoost za mwanzo, mkanda wake unazunguka ndani ya oili. Oili ikipuuzwa au ikiwekwa isiyofaa, mkanda huchanika vipande vipande, vipande huziba njia ya oili, na injini inakufa. Gari hilo linaweza kuwa limepita MOT wiki iliyotangulia bila hata onyo moja. Bila risiti za sevisi, liache.

Mwisho kabisa nimeweka dizeli kuukuu ya kampuni yoyote. Niliwahi kununua moja, imepakwa nta, kumbe chujio la masizi limeziba kwa safari fupi za mjini na taa ya injini imezimwa kijanja. Ufunguo ukiwashwa, taa ile inapaswa kuwaka kisha izime. Yangu haikuwaka kabisa, nami nikadhani ni heri. Mkaguzi alitazama dashibodi, akatazama moshi, hata gari hakuliinua. Moshi wowote unaoonekana kwenye gari lenye chujio hilo ni kuanguka, na chujio likiwa limeng'olewa ni kuanguka vile vile. Juu ya hayo, dizeli nyingi za kabla ya Septemba 2015 hulipa ada ya hewa chafu ya pauni 12.50 kila siku ya kuendesha popote London, wakati petroli nyingi za kuanzia 2006 hazilipi.

Siku ya kwenda kuliona, vaa nguo usizozionea huruma. Chukua sarafu ya pensi 20 uichomeke kwenye kashata za tairi: ukingo wake wa nje ukionekana, huenda tairi iko chini ya milimita 1.6 za kisheria. Ingiza mkono nyuma ya gurudumu upapase springi mpaka mwisho wake wa chini. Hapo ndipo hukatikia, na mwenye gari huenda hajui. Washa taa zote, pamoja na ile ya kibao cha namba. Piga honi.

Ukishalinunua, unaweza kulipeleka mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya MOT kuisha bila kupoteza tarehe yako. Ada haizidi pauni 54.85 kwa gari dogo. Likianguka ukaliacha hapo hapo litengenezwe, kurudiwa kukaguliwa ndani ya siku 10 za kazi hakulipiwi. Mdogo wangu alilipeleka mwezi wa tatu, likaanguka kwa mpira wa wiper ya dereva. Aliununua duka la jirani, akauvalisha mwenyewe pale pale uani kwa fundi, na saa nane alikuwa kwa mzee wake wa zamu ya mchana.